Ufito, Mshipi na Ndoana: Shauri kwa Wavuao Wakati wa Mapumziko

Kuna methali isemayo, "Mchagua jembe si mkulima." Wazee waliinena kwa ajili ya mtu mvivu, asimamaye akitazama majembe hata mvua zikampita. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyapingi. Lakini yuko mtu mwingine ambaye methali hii haikumtaja, naye ni yule anunuaye jembe kwa sababu liling'aa, asiulize kama lafaa kwa udongo wa shamba lake, kisha likapinda siku ya kwanza. Huyu naye hakulima, na fedha yake imekwenda. Katika habari hii twataka kunena juu ya kuchagua vyombo. Si vyombo vya mkulima, bali vya mtu apendaye kuvua samaki kwa ndoana katika siku zake za mapumziko.

Huenda msomaji akauliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi wa Usoke? Sisi si watu wa ziwani. Sisi ni watu wa mahindi, karanga, tumbaku na asali." Swali hili ni la haki. Lakini tuitazame nchi yetu vema. Upande wa kusini yapita mito ya Wala na Ugalla; upande wa kaskazini uko Igombe; na maji ya mito hiyo yote mwisho wake huingia Malagarasi, nao Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa haina budi kuvuka maji hayo. Tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mtu wa Usoke aweza kufika mtoni au bwawani bila taabu kubwa. Tena bonde la Malagarasi na Moyowosi ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuandikwa, mwaka 2000, katika orodha ya maeneo oevu yenye thamani kwa ulimwengu wote, kwa mapatano ya Ramsar. Basi sisi tu jirani wa maji makubwa, ingawa shamba letu ni kavu.

Tena siku hizi fito za kuvulia za kigeni zaonekana madukani, na nyingine huja katika mizigo ya mitumba. Mwalimu amefunga shule, ana siku chache za kupumzika, aona ufito mwekundu wenye kigurudumu cha kung'aa, naye autamani. Hapo ndipo shauri lahitajika, maana fedha ya mwalimu ni fedha ya nyumba nzima. Ikitoka bure, watoto watakosa madaftari, na mama wa nyumba atakuwa na neno la haki la kusema.

SAMAKI NDIYE MCHAGUZI

Kosa lililo la kawaida ni kuanza na ufito. Mtu hununua ufito, kisha hutafuta kigurudumu kinachoufaa, kisha mshipi, na mwisho, fedha ikiisha, huokota ndoana yo yote. Twasema, njia hiyo ni ya kinyume. Anza kwa samaki. Ukiisha kumjua samaki, utajua chakula chake. Chakula kitakuonyesha ndoana. Ndoana itakuonyesha mshipi. Mshipi utakuonyesha ufito na kigurudumu. Mambo haya yafuatana kama mabehewa, na samaki ndiye kichwa cha gari.

Tutoe mfano wa mbali kidogo. Vitabu vingi vya Marekani juu ya uvuvi wa mapumziko vyanena habari za samaki aitwaye bass. Ni samaki mwenye kinywa kipana, ambaye hujificha kando ya majani ya majini na magogo yaliyozama, akavizia samaki wadogo na vyura, kisha akaruka ghafula na kuwakamata. Samaki huyu si wa Afrika, lakini mwaka 1929 aliletwa kutoka Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha, nchi ya Kenya, kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Ufito uliotengenezwa kwa ajili yake huwa wa futi 6 na nusu hata 7, mgumu kidogo, upindao zaidi karibu na ncha. Maana mvuvi hutupa chambo cha uongo karibu na majani, na samaki akishika, yampasa avutwe mara moja kabla hajajifunga katika mizizi. Kila sehemu ya ufito huo ina sababu yake, na sababu hiyo yatoka katika tabia za samaki mwenyewe.

Sasa, mtu wa Usoke akinunua ufito wa bass kwa sababu kitabu kimeusifu, akaenda nao kuvua perege wadogo kwa tonge la ugali, ataona ufito ni mgumu mno. Samaki atagusa chambo asihisi neno. Wala si ufito ulio mbaya. Ulichaguliwa kwa samaki mwingine. Lakini akiupeleka penye samaki wakali wa Malagarasi, huenda ukamfaa sana. Basi tuwatazame samaki wetu.

Wa kwanza ni perege. Kinywa chake ni kidogo, naye hula majani laini ya majini, na ukungu wa kijani ulio juu ya mawe, na wadudu. Hukubali nyungunyungu na tonge dogo la unga. Katika bonde la Malagarasi wako perege wa aina yao wenyewe, ambao wataalamu wamewaita kwa jina la mto huo.

Wa pili ni kambale. Huyu hana magamba, ana sharubu ndefu azitumiazo kupapasa na kunusa chakula katika giza na matope. Hula karibu kila kitu, na hasa usiku. Ana viungo vya kuvutia hewa, hata aweza kukaa nje ya maji kwa muda mrefu. Tena mapezi yake ya kando yana miiba migumu iwezayo kumchoma mtu vibaya. Aweza kuwa mkubwa sana, kwa hiyo mshipi wa perege haumwezi.

Wa tatu ni samaki mkali wa mto, ambaye Wazungu walimpa jina la chui-milia wa Bara Hindi, kwa sababu ya mistari ya ubavuni na meno yake yaliyotokeza nje. Huyu yumo katika Malagarasi. Huwakimbiza samaki wadogo katika maji yaendayo kasi, naye hukata mshipi wa nailoni kama mtu akatavyo uzi kwa wembe.

Samaki watatu, tabia tatu. Hakuna ufito mmoja uwafaao wote sawasawa. Mtu na aseme kwanza moyoni mwake, "Mimi nitavua nani, na wapi?" Akisha kujibu, ndipo aende dukani.

NDOANA NA CHAMBO

Ndoana ni kitu kidogo, nayo ndiyo pekee imgusayo samaki. Hesabu ya ndoana huwapotosha watu wengi, kwa hiyo tuieleze. Tangu namba 1 kwenda juu, namba ikizidi ndoana hupungua. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Lakini zikiandikwa kwa sifuri, kama 1/0, 2/0, 4/0, hapo namba ikizidi ndoana nayo huzidi. Kwa perege, namba 8 au 10 yatosha. Kwa kambale, tangu 1/0 hata 4/0, kwa kadiri ya ukubwa wa samaki wa mahali pale.

Jaribu makali ya ndoana juu ya ukucha wako. Uikokote polepole: ikiteleza, ni butu, ikishika, ni kali. Ndoana butu yaweza kunolewa kwa tupa ndogo. Kampuni ya Mustad ya Norway imetengeneza ndoana tangu mwaka 1877, na wengine wengi hutengeneza sasa; lakini ye yote aliyeitengeneza, ukucha wako utakuambia kweli kuliko karatasi ya pakiti.

Chambo cha uongo, yaani kile cha bati, mti au mpira kilichofanyizwa mfano wa samaki mdogo, humfaa samaki avizaye na kukimbiza, kama bass na yule mkali wa Malagarasi. Perege hakijali sana. Kambale hutafuta kwa kunusa, basi nyungunyungu, matumbo ya kuku au kipande cha samaki humvuta zaidi. Kwa hiyo mtu wa bwawani asishawishike kununua sanduku zima la vyambo vya rangi nyingi. Vingi vyavyo vilitiwa rangi ili kumnasa mnunuzi, wala si samaki.

MSHIPI

Zamani watu walisokota mishipi kwa katani, kwa pamba na kwa nyuzi za magome. Mwaka 1938 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitangaza kitu kipya, nailoni, na tangu hapo mishipi ya uvuvi ilibadilika ulimwenguni kote. Nailoni ni ya bei nafuu, haionekani sana majini, tena hunyumbuka. Na kunyumbuka huko humsaidia mvuvi mgeni, maana samaki akivuta ghafula mshipi haukatiki upesi. Siku hizi iko pia mishipi iliyosukwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki ngumu. Hiyo ina nguvu nyingi kwa unene mdogo, lakini hainyumbuki, na yaweza kukata vidole vya mtu auzungushaye mkononi. Kwa mwanafunzi wa kazi hii twasema, nailoni kwanza.

Nguvu za mshipi huandikwa kwa ratili au kwa kilo. Ratili moja yakaribia gramu 450. Kwa perege, mshipi wa ratili 6 ni wa kutosha. Kwa kambale wa bwawani, ratili 15 hata 20. Kwa samaki mwenye meno makali, mshipi peke yake hautoshi hata ukiwa mnene; yafaa kipande cha waya wa chuma chenye urefu wa sentimita 30 hivi kiwekwe kati ya mshipi na ndoana.

Yako mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza, jua huharibu nailoni. Mshipi uliotundikwa dirishani mwa duka miezi mingi, ukichomwa na jua la Unyamwezi, waweza kuwa umekwisha kabla hujaununua. Kata kipande, ukifunge fundo, uvute. Kikikatika kama uzi mkuukuu, uache. La pili, fundo ndilo mahali dhaifu pa mshipi wote. Kabla ya kulikaza fundo la nailoni, litie mate au maji, kisha ulivute polepole, maana likikazwa kavu huungua kwa msuguano na kupungukiwa na nguvu. Samaki wengi ambao wavuvi husimulia kwamba walikata mshipi, kwa kweli walikata fundo lililofungwa vibaya.

UFITO

Ufito wa kwanza ulikuwa mti tu. Hata leo mwanzi uliokauka vema, au mti mwembamba wenye kunepa kama mkole, wenye urefu wa mita 3 au 4, na mshipi umefungwa nchani, humvua perege vizuri sana. Twawaambia wazazi wazi: mtoto anayetaka kujifunza asinunuliwe kitu. Na akate mwanzi, aukaushe kivulini, aunyoshe. Akiupenda uvuvi huo baada ya mwaka mmoja, hapo tutajua kwamba ni mapenzi ya kweli.

Fito za dukani ni za namna mbili kubwa. Ziko za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Hizi zilienea baada ya vita vya mwaka 1939 hata 1945. Ni nzito kidogo na hupinda polepole, lakini ni ngumu kuvunjika, nazo huvumilia kugongwa garini na kuangushwa na watoto. Ziko tena za nyuzi za kaboni, zilizoenea tangu miaka ya 1970. Ni nyepesi sana, na mkono huhisi hata samaki agusapo kwa mdomo tu. Lakini zikigongwa juu ya jiwe hupata ufa usioonekana, kisha huvunjika siku nyingine bila taarifa. Kwa mtu apandaye baiskeli hata mtoni katika njia ya visiki, ufito wa nyuzi za kioo ni rafiki mwaminifu zaidi.

Kila ufito mwema umeandikwa karibu na mpini. Soma maandiko hayo. Utaona urefu wake. Utaona tena nguvu za mshipi unaoufaa, kwa ratili au kilo, na uzito wa chambo uwezao kutupwa, kwa wakia au gramu. Wakia moja ni gramu 28 hivi. Ufito ulioandikwa ratili 8 hata 15 usiutie mshipi wa ratili 40, maana hapo ufito utavunjika kabla ya mshipi kukatika, nawe utakuwa umepoteza kilicho ghali ili kuokoa kilicho rahisi.

Ukiwa dukani, fanya majaribu manne. Kwanza, uangalie ufito kwa jicho moja tokea mpini hata nchani kama fundi aangaliavyo ubao, uone kama umenyoka. Pili, mwombe mwenzako ashike ncha, nawe uinue mpini taratibu, uone mahali upindapo: ukipinda karibu na ncha tu, wafaa kwa kutupa chambo kwa shabaha na kumvuta samaki upesi, ukipinda mpaka katikati au zaidi, wafaa kwa chambo laini na samaki wa kinywa chepesi kama perege. Tatu, viungo vyake viungane vizuri, visitikisike wala visilie. Nne, chukua pamba kidogo uipitishe ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaula mshipi wako. Jaribu hili la nne lafaa zaidi kwa fito za mitumba, ambazo huenda zikawa njema kabisa ila kwa pete moja.

KIGURUDUMU

Vigurudumu vya kukunjia mshipi ni vya namna nyingi, lakini viwili ndivyo vijulikanavyo. Cha kwanza kina kidonge kisichozunguka mshipi utupwapo. Mshipi hutoka wenyewe kwa kuteleza, na wakati wa kukunja mkono wa chuma huuzungusha juu ya kidonge. Namna hii ilipata hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1905, kwa bwana mmoja aitwaye Illingworth. Cha pili kina kidonge kizungukacho chenyewe mshipi utokapo. Hicho kina shabaha na nguvu, lakini mtu asiyezoea kukizuia kwa kidole gumba hupata mshipi uliojisokota kama nywele zisizochanwa, akapoteza saa nzima kuufungua. Anayeanza na achague cha kwanza.

Jambo kuu la kigurudumu ni breki yake, wala si wingi wa gololi ulioandikwa kwenye boksi. Breki ndiyo imwachayo samaki mkubwa avute mshipi polepole badala ya kuukata. Iweke kwa kadiri ya robo au theluthi ya nguvu za mshipi. Mfano: mshipi wa ratili 12, breki iachie ikivutwa kwa ratili 3 au 4. Hili laweza kupimwa nyumbani kwa mizani ndogo ya kutundika. Breki njema huachia kwa ulaini. Breki mbaya hukwama, kisha huruka, na katika ule mruko ndipo mshipi hukatika.

Nchi yetu ina vumbi na mchanga mwingi, hasa tangu Mei hata Oktoba. Kigurudumu kisilazwe chini mchangani. Baada ya safari kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, ukitie tone moja la mafuta ya cherehani. Kikitunzwa hivyo, cha bei ya kadiri kitadumu kuliko cha ghali kilichotupwa pembeni.

FEDHA IKIWA NDOGO

Wengi watauliza, "Nikiwa na fedha kidogo, niitumie wapi?" Jibu letu ni hili: anza kutumia upande wa samaki, kisha urudi kwako. Ndoana kali na mshipi mpya havina gharama kubwa, navyo ndivyo vimshikavyo samaki. Kisha kigurudumu chenye breki laini. Ufito uwe wa mwisho, maana ufito wa kadiri wenye mshipi mwema huvua, lakini ufito wa kifahari wenye mshipi mbovu hauvui neno. Tena mwanzi ni wa bure. Mapambo, mifuko, kofia na miwani viachwe kwa wale ambao hawana la kununua tena.

Na mtu asifiche manunuzi haya. Amweleze mkewe, au mke amweleze mumewe, kiasi cha fedha na sababu yake. Mapumziko yanayoleta fitina nyumbani si mapumziko.

HATARI ZA MAJI

Kuna chombo kimoja kisichouzwa, nacho ni busara. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa safarini kumtafuta Livingstone, aliuvuka mto Malagarasi. Punda wake mmoja, alipokuwa akivushwa kwa kamba, alikamatwa na mamba akazamishwa mbele ya macho ya watu wote, wala nguvu za waliovuta kamba hazikumwokoa. Mamba wangalipo katika mito hii, na viboko pia. Basi usisimame ndani ya maji, usichutame penye ukingo wa matope, usirudi mahali pale pale kila jioni kuchota maji au kuosha samaki. Na hapa ufito mrefu una faida yake: wamwezesha mtu kukaa nyuma ya ukingo hatua kadha, na bado chambo chake kikafika. Kwa sababu hiyo, mahali penye mamba, twapendelea futi 9 au mwanzi wa mita 4, kuliko ufito mfupi wa bass.

Hatari ya pili ni radi. Masika yetu ya tangu Novemba hata Aprili huja na ngurumo nyingi, na ufito wa kaboni hupitisha umeme. Mtu asimamaye uwandani na ufito wa kaboni ulioinuliwa anajihatarisha mwenyewe. Ukisikia ngurumo, ulaze chini, uondoke majini na chini ya miti mirefu. Vivyo hivyo usiupitishe karibu na nyaya za umeme.

Hatari ya tatu ni ndogo kwa macho, nayo ni kichocho. Konokono wa maji yaliyotulia huwa na vijidudu viingiavyo mwilini kwa kupenya ngozi. Viatu vya mpira ni sehemu ya vyombo vya mvuvi. Na walimu wakiwapeleka watoto bwawani, wasiwaache waingie majini kuogelea wala kufuata ndoana iliyonasa. Ndoana ni ya senti, mtoto si wa senti.

YALE TUTAKAYOYAACHA MAJINI

Mtu avuaye kwa mapumziko hana haraka ya mwenye njaa, kwa hiyo ana wajibu mkubwa zaidi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti. Chandarua cha mbu nacho ni cha kitandani. Kikikokotwa bwawani huzoa vifaranga vya samaki wa mwaka ujao. Kabla ya kwenda, umwulize afisa uvuvi wa wilaya habari za leseni, na mahali paruhusiwapo. Sehemu ya nchi ya Ugalla, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1965, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019, wala mtu haingii kuvua humo kwa mapenzi yake mwenyewe.

Tena ujue majira. Mvua za kwanza zijapo na mito ikaanza kujaa, kambale hupanda katika maji machache ya mbugani ili watage. Ni rahisi kuwaokota wakati huo, na kwa sababu hiyo hiyo yafaa kuwaacha. Perege jike wa mito yetu hutunza mayai yake na watoto wake kinywani. Ukimvua jike aliyejaza mashavu, lowanisha mikono yako, umtoe ndoana kwa upole, umrudishe upesi. Umerudisha kizazi kizima. Ukikandamiza kwa koleo kile kijino cha nyuma cha ndoana, kazi hiyo huwa rahisi, kwa samaki na kwa kidole chako pia.

Mwisho, usichukue samaki hai wa maji haya ukawatia katika maji mengine. Sangara walitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo zikapotea. Bass wa Naivasha alifuata mchezo wa watu; Malagarasi una samaki wake, nao watutosha. Hata mabaki ya mshipi uyarudishe nyumbani uyachome au uyazike, maana nailoni haiozi upesi, na ndege wa majini hunaswa miguu wakafa kwa njaa.

Basi, ndugu wasomaji, yule mwenye kuchagua jembe asilime alaumiwe. Lakini mwenye kuujua udongo wake, akachagua jembe moja lifaalo, akalitunza, akalitumia, huyo ni mkulima. Likizo ijapo, mwalimu na amwulize mzee ajuaye maji ya mahali pake ni samaki gani wamo, ajaribu ndoana juu ya ukucha wake, alowanishe fundo lake, akae mbali na ukingo. Na jioni arudi nyumbani mzima, akiwa na perege wawili au hana, moyo wake umepumzika.